Sabuni Iliyoganda Kabla ya Kuungana

Wiki niliyorudisha funguo za laboratwari, Mireille, anayekalia sasa kiti changu, alinionyesha daftari lake la kazi. Ni binti nadhifu, na mwandiko wake ungefaa kutundikwa ukutani. Lakini katika safu ya kwanza, pale tunapoandika kilichofanyika, alikuwa ameandika neno lile lile la Kifaransa toka asubuhi mpaka jioni: synthèse, yaani kujenga kitu kipya. Ameyeyusha soda kali katika maji, synthèse. Ametia marashi, synthèse. Amepika mafuta na soda kwa saa nne, synthèse. Nilicheka mpaka nikatoa machozi. Kisha nikamwahidi kwamba nitamwandikia yeye na wenzake jinsi maneno ya kazi hizo yanavyotofautiana, maana katika kiwanda cha sabuni tofauti yake haibaki kwenye daftari, inafika kwenye ngozi ya watu.

Vyeo na mishahara sitaviandika. Vyeo vyangu vilikuja na viti vizito zaidi kusogeza, basi.

Nilizaliwa Lubumbashi, baba yangu akiwa mtu wa reli. Hapa kwetu ukisema umesoma kemia, swali linalofuata ni moja tu: mgodi gani? Wanafunzi wenzangu wote waliingia kwenye laboratwari za shaba na kobalti. Mimi nilikosa nafasi, nikaenda kwenye sabuni. Mama alikuwa anawaambia majirani kwamba niko “ku industri”, halafu anabadilisha mazungumzo haraka.

Kiwanda chetu kilikuwa banda moja refu la mabati. Katikati ilisimama sufuria ya chuma yenye kimo cha watu wawili, inayopashwa moto kwa mvuke, na juu yake kijukwaa cha kusimamia mpishi. Upande mmoja kulikuwa na mapipa ya mawese yaliyoshuka kwa treni kutoka kaskazini, upande mwingine magunia ya soda kali na chumvi ya mawe. Laboratwari ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linaloangalia sufuria. Mpishi mkuu alikuwa Papa Kabamba, mtu mfupi, mkavu, mwenye kofia ya turubai aliyoshona mwenyewe. Alikuwa amepika sabuni kabla mimi sijazaliwa, na mkurugenzi mwenyewe alipopita chini ya kijukwaa alikuwa anamwamkia kwanza.

Siku ya kwanza nilitumwa kuandaa maji ya soda. Nikatia soda kwenye ndoo, nikachukua mtungi wa maji nimwagie juu. Papa Kabamba alishuka ngazi kwa kasi ambayo sikumwona nayo tena maisha yangu yote, akanipokonya mtungi.

“Weye mademoiselle! Unatafuta kupofuka macho? Soda njo inaingia mu maji. Maji haiingiake mu soda!”

Akanionyesha: maji kwanza, soda kidogo kidogo, kijiti kikizunguka. Nikagusa ndoo, ikaniunguza kiganja. Chini yake hapakuwa na moto wowote, ilikuwa imekaa kwenye sementi baridi.

“Papa, moto inatoka wapi?”

“Inatoka mu soda.”

“Na mu soda iliingiaka namna gani?”

Akaniangalia kama mtu aliyeletewa mzigo ambao hakuuagiza. “Mademoiselle, hapa tunapikaka sabuni. Hatupikake maulizo.”

Basi hilo ni neno la kwanza, Mireille: kuyeyusha. Ndoo inachemka, mtu anaogopa, mvuke unakwaruza koo, na hata hivyo hakuna kitu kipya kilichozaliwa. Soda imesambaa ndani ya maji, lakini bado ni soda, na ukiwa mwangalifu unaweza kuikausha na kuipata tena. Joto lisikudanganye. Mimi lilinidanganya mwezi mzima.

La pili ni kuchanganya. Marashi ndani ya sabuni ni mchanganyiko, na rangi ya buluu vilevile. Kila kimoja kinakaa na tabia yake, kama wapangaji katika parseli moja, yaani kiwanja kimoja. Ndiyo maana kipande kikikaa dukani sana marashi yanatoroka na sabuni inabaki. Chukua unga wa bukari, ugali wetu, utie katika maji baridi: ukiuacha, unga unatua chini na maji yanabaki juu. Ukiupika, jaribu sasa kunirudishia unga wangu. Mkemia mkali atanigombeza kwa mfano huu, lakini yeye ana vitabu vyake na mimi nina njaa.

Neno la tatu ndilo lililonikosesha raha. Baada ya kupika, tulikuwa tunatia maji ya chumvi ndani ya sufuria. Sabuni inapanda juu kama maziwa yaliyoganda, na chini unabaki uji mwembamba. Ukishughulikia uji ule, unatoa glisirini, kitu kitamu, kinachoteleza. Sasa niambieni: tulitia mafuta, soda, maji na chumvi. Nani alitia glisirini? Nilimuuliza Papa Kabamba. Akasema, “Inayiletaka yenyewe.” Nikarudi kwenye madaftari yangu ya shule na nikasoma upya kwa hamu ambayo walimu wangu hawakuwahi kuiona. Glisirini ilikuwamo ndani ya mafuta tangu mwanzo, imefungwa pamoja na asidi za mafuta. Soda ndiyo iliyokata kile kifungo. Glisirini ikaachiliwa, asidi zikaungana na sodiamu ya ile soda, na huo muungano ndio sabuni. Hilo linaitwa mmenyuko: vilivyoingia siyo vilivyotoka. Soda iliyokwisha kuungana huwezi kuitafuta tena kama soda. Imekwisha.

Na synthèse? Watanzania katika vitabu vyao wanasema usanisi, nami nimelipenda neno hilo. Usanisi ni kujenga: unachukua vitu vyepesi unaviunganisha, unapata kimoja kikubwa zaidi. Kinyume chake ni mtengano, kubomoa. Mwangalie fundi wa chokaa. Wanaochoma mawe ya chokaa kwenye tanuri wanabomoa: jiwe linatoa hewa yake na kubaki chokaa hai. Fundi anayemwagia chokaa hiyo maji kabla ya kupaka ukuta anajenga, maana maji na chokaa vinaungana kuwa kitu kipya, na pipa linachemka bila kuni. Joto lile la ndoo ya soda na joto hili, kwa mkono ni sawa tu. Kwa kemia ni mambo mawili. Sabuni yetu inabomoa kwanza ndipo inajenga, kwa hiyo Mireille hajakosea kabisa. Ila sabuni iandike kwa jina lake, kusabunisha, na marashi uyaandike mchanganyiko, tutaelewana.

Sasa, Papa Kabamba hakuhitaji maneno haya. Yeye alikuwa na ulimi.

Wapishi wa sabuni wa zamani wote walikuwa hivyo. Akitaka kujua kama soda imekwisha, alichukua kijiko kirefu, akaacha sabuni ipoe, akavua kofia, akafumba macho, akagusisha ncha ya ulimi. Soda ikiwa bado, ulimi unapigwa kama umegusa waya wa umeme. Ikiwa imekwisha, unasikia ladha ya sabuni tu, ladha ambayo siwezi kumshauri mtu. Kisha alikuwa anafungua macho na kutangaza, “Iko muzuri,” na banda zima linaanza kumimina kwenye vyano vya mbao.

Mimi nilikuwa na chupa ndogo ya fenolftaleini. Unakwangua sabuni, unaiyeyusha katika alkoholi ya moto, unatia matone mawili. Soda ikiwa imebaki yenyewe, maji yanageuka rangi ya waridi, kama kinywaji cha sherehe ya komunyo. Ikiwa imekwisha kuungana, hakuna kitu kinachoonekana. Papa Kabamba alikuwa anapita dirishani, anaona bilauri zangu, anasema, “Unapika limonade?” Kwa miaka mingi, umeme ukiwa hausumbui, ulimi wake na chupa yangu vilikubaliana. Nilikuwa napima baada yake kwa ajili ya kujaza karatasi tu, na nilijifunza kwake mambo ambayo shule haikujua, kama kusikiliza mlio wa sufuria, ambao unabadilika kutoka kugugumia hadi kuguna pale mafuta yanapokubali.

Ukafika msimu wa mvua ambao umeme ulikuwa unakatika kila siku. Mashine ya kukorogea inasimama, mvuke unashuka, wanaume wanakoroga kwa makasia mpaka mikono inakufa ganzi, umeme unarudi, unaondoka tena. Siku moja ya namna hiyo Papa Kabamba alifumba macho, akaonja, akasema, “Iko muzuri.” Wakamimina. Sabuni ikaganda vizuri, nyeupe, ngumu, ukiigonga inalia kama mbao. Mimi nikapima jioni ile. Bilauri ikawa waridi iliyokolea.

Ninaandika sehemu hii polepole, kwa sababu ninaiona aibu mpaka leo. Nilijua ile rangi ina maana gani. Sabuni ile ilikuwa imeganda bila kuungana: mafuta yako pale, soda iko pale, wamelala chumba kimoja kama watu wawili waliogombana. Lakini ningempandia Papa Kabamba kijukwaani nimwambie nini? Kwamba ulimi wake umekosea, mbele ya vijana aliowafundisha kushika kasia? Mkubwa haambiwi hivyo kwetu. Nikailaumu alkoholi. Nikasema imezeeka, nikaosha bilauri, na kwenye karatasi nikaandika kwamba kipimo kitarudiwa. Sikukirudia, na sabuni ikapakiwa kwenye lori.

Haukupita muda mrefu, akaja mama mmoja mlangoni, Mama Feza, mfuaji nguo kutoka mtaa wa Kasungami. Alikuwa amefunga kipande cha sabuni yetu ndani ya kitambaa cha kitenge, ameshika kile kitambaa kwa viganja vilivyofungwa navyo vitambaa. Alipovifungua nikaona nyama nyekundu pale ambapo ngozi ingekuwa. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga.

“Mi siyakuya kugombana,” alisema. “Nilikuwa nataka kuuliza tu. Munatiaka nini mule ndani?”

Mkurugenzi akamwita Papa Kabamba. Akashuka, akavua kofia, akapokea kile kipande, akafumba macho, akagusisha ulimi mbele yetu wote.

“Hii iko muzuri,” alisema taratibu, bila kiburi. “Mama, angalia maji ya kwenu. Ao ni javel ya kung'arisha nguo.”

“Javel sina nayo, Papa.”

“Basi ni ngozi yako njo iko laini.”

Mama Feza akafunga sabuni yake upya na kwenda zake. Mimi nilikuwa nimesimama mita mbili kutoka pale, nimeshika kalamu. Kabla hajatoka, Mama Feza alikuwa amekata kona ya kipande kile, akaniachia, “ukiweza kuniangalilia, dada.” Nikaipima. Waridi. Kisha nikapima sabuni mpya iliyokuwa kwenye vyano, imepikwa siku mbili kabla katika umeme ule ule wa kukatika. Waridi. Shehena ile ilikuwa ya nyumba ya uzazi, ya kufulia nguo za watoto wachanga, na lori lilikuwa linakuja kesho yake asubuhi.

Saa sita, wengine walipokwenda kula, nilimwomba Papa Kabamba aingie laboratwari. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukalia kiti changu. Nikamwambia nataka anisaidie kuhakikisha vipande vitatu, na akacheka, “Limonade imekushinda?” Akavua kofia, akafumba macho kama kawaida yake.

Kwanza nikamgusisha sabuni ya zamani, nzuri. “Muzuri,” alisema. Nikamgusisha kona ya Mama Feza. Nilikuwa nimeijaribu mwenyewe kabla hajaingia na ulimi wangu ulikuwa bado unawaka. Hakukunja hata uso. “Muzuri.” Cha tatu sikukipanga mapema, ninaapa. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye sahani ya chumvi ya mawe, nikachukua bonge moja, nikaliweka kwenye ulimi wake.

Akalionja kwa makini. “Hii njo inapita zote,” akasema. “Sabuni ya kweli.”

Akafungua macho. Akaangalia mkono wangu.

Nilitamani anipige. Yeye akachukua lile bonge kwenye vidole vyangu, akalitia lote mdomoni, akalimumunya, akingojea. Kule nje mvuke ulikuwa unapumua kwenye bomba. Akangoja sana. Mwishowe akalitema kiganjani na kulitazama.

“Kumbe ule mwanamuke alikuwa anatia chumvi,” alisema.

Sikuelewa. Akanieleza huku akiangalia kiganja. Toka mwaka uliopita alikuwa anagombana na mke wake, Mama Charlotte, kila jioni. Sombe haina chumvi, samaki haina chumvi, bukari inafanana na karatasi. Alikuwa amemwambia maneno makali, kwamba anamdharau kwa sababu amezeeka. Mara mbili alisukuma sahani ikaanguka.

Kisha akasimama. “Nionyeshe ile limonade yako.”

Nikapima mbele yake, sabuni ya zamani kwanza, kisha ya kwenye vyano. Moja ikabaki kama maji ya mvua, nyingine ikawa waridi. Akauliza inafanya vile kwa nini, na nilipomweleza hakuniambia kwamba hapa hatupikake maulizo. Aliuliza kama ile rangi inaweza kusema uongo. Aliuliza kama soda inajificha ndani ya mafuta ao inasimama pembeni yake. Aliuliza kama mvuke na maji na saa zaidi vingeweza bado kuviunganisha. Nikasema ndiyo, sabuni haijapotea, haijamaliza tu. Papa Kabamba alikuwa ameonja sabuni maisha yake yote na siku ile ndiyo kwanza alikuwa anaiangalia ndani.

“Na ile ya ule mama,” aliuliza mwisho, “ulikuwa umeipima?”

“Ndiyo, Papa.”

“Lini?”

“Jioni ile ile ya kumimina.”

Akavaa kofia, akatoka. Alipanda kwa mkurugenzi peke yake, sikuambiwa alisema nini. Ninachojua, alishuka akaamuru sabuni yote ya kwenye vyano ikatwe na kurudishwa kwenye sufuria. Lori lilikuja na kuondoka tupu. Tulipika upya mpaka kesho yake mchana, na kila nusu saa alikuwa anakuja dirishani, ananyoosha kijiko. Waridi. Waridi hafifu. Hafifu zaidi. Mwishowe bilauri ikabaki bila rangi.

“Unaona nini?” aliuliza.

“Sioni kitu, Papa.”

“Basi mimina.”

Asubuhi iliyofuata alinikuta nafungua mlango. Uso wake ulikuwa umechoka. Nikamuuliza kama alizungumza na Mama Charlotte.

“Nilimuomba samahani. Unajua alinijibu nini? Anasema alijua. Siku mingi sana. Aliona natia pilipili kama mutu anatia maji. Ninamuuliza, na juu ya nini hukusema? Anasema, nilikuwa nakuhurumia.” Akavua kofia. “Yeye alinihurumia, weye uliniheshimu. Na mi nikachoma batu.”

“Unisamehe, Papa.”

“Haina mi wa kuniomba. Enda Kasungami.”

Nikavua koti la kazi. Nilichukua vipande sita vya sabuni mpya na kopo la mafuta ya glisirini kwa ajili ya viganja vyake, nikauliza njia mpaka nikafika. Mama Feza alikuwa uani, mbele ya beseni kubwa. Nikamweleza yote jinsi nilivyowaeleza ninyi hapa: hatukutia sumu, tulitia mafuta na soda kama siku zote, lakini vilikuwa havijaungana, na soda ambayo haijaungana inatafuta kitu kingine cha kuungana nacho, ikapata mikono yake. Alisikiliza kwa makini kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha. Aliuliza mtu anajuaje kama imeungana. Nikamweleza ile rangi.

“Na hii yangu,” alisema, “kabla itoke mu kiwanda, kuko mutu aliona ile rangi?”

“Ndiyo, Mama. Mimi.”

Aliniangalia. Kisha akapokea sabuni na kopo, akaviweka juu ya jiwe, akainama tena kwenye beseni, akaendelea kufua kwa vidole viwili ambavyo havikuwa na kidonda.